Nondo, Roshani na Mzee wa Goba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Fungu la nondo za milimita 12 limeingia asubuhi, lebo zimelowa, mwandiko wa fundi hausomeki. Tumevuta vipande kadhaa kwenye mashine kabla ya chai. Cha kwanza kililegea kwenye kilonyutoni 58, yaani megapaskali 510 na ushee, kikakatika kwenye 68. Kilonyutoni 58 ni uzito wa karibu tani sita, umebebwa na fimbo nyembamba kuliko kidole gumba changu.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa amekodoa macho kwenye kipande chenyewe. Nikamwambia atazame skrini, kwa sababu kwenye kipande hataona kitu mpaka mambo yawe yamekwisha kuharibika. Kabla ya kulegea, chuma hiki hurefuka milimita mbili na nusu tu kwa kila mita. Kati ya alama zetu mbili, zilizoachana milimita 60, hiyo ni sehemu ndogo sana ya milimita. Skrini ndiyo inayochora: mzigo unapanda, urefu unapanda, mstari umenyooka. Ukishusha mzigo wakati huo, chuma kinarudi kilipotoka na hakidai chochote. Halafu mstari unapinda. Kuanzia hapo, hata ukishusha mzigo wote, kuna urefu huurudishi tena. Mwishoni kipande kinafanya shingo sehemu moja, unasikia mlio, na mtu wa uhasibu chumba cha pili anapiga kelele kwamba tumemshtua.

Tukaunganisha vipande viwili mezani na kupima. Alama zilizokuwa 60 zimefika 71. Hiyo ndiyo namba ninayoiangalia kwanza, lakini wateja karibu wote wanauliza hiyo ya 58 tu. Nondo iliyokatika kwenye 80 bila kurefuka ningeiogopa kuliko hii.

Jumanne, 5 Agosti

Mzee wa Goba amerudi. Shikamoo, marahaba, habari za foleni, kisha akatoa ramani kwenye bahasha ya kaki. Anajenga ghorofa moja, na mbele kuna roshani inayotoka ukutani mita moja na nusu bila nguzo. Roshani ya jirani yake imeinama mpaka marumaru zimepasuka pale mlangoni. Yeye hataki aibu hiyo. Anataka “nondo ngumu kuliko zote zilizopo mjini”, na bei isiwe tatizo.

Haya ndiyo mazungumzo ninayorudia kila mwezi na watu tofauti, na bado sijapata njia fupi ya kuyamaliza.

Nilimwambia hivi. Moduli ya Young ya chuma ni gigapaskali 200 hivi. Ni hiyohiyo kwa nondo laini za zamani zinazolegea kwenye megapaskali 250, na ni hiyohiyo kwa hizi zinazofika 500. Chukua moja ya kila aina, unene sawa, uzivute kwa kani ileile: zitarefuka sawasawa. Tofauti ni kwamba ya kwanza itafika mwisho wa uvumilivu wake mapema. Kiwanda kinaweza kuongeza kaboni kidogo, kinaweza kuipoza nondo kwa maji ikitoka kwenye roli, na nguvu ikapanda. Lakini kurefuka kule kwa mwanzo kunatokana na chembe za chuma zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe, na mshiko huo hauguswi sana na mapishi ya kiwandani.

“Kwa hiyo ngumu haisaidii?”

“Inasaidia isivunjike, mzee. Kuinama ni jambo jingine.”

Nikaongeza lile linalowaumiza zaidi: akinunua nondo zenye nguvu kubwa, halafu fundi akapunguza idadi kwa kuwa “zinatosha”, kila moja itabeba zaidi, itarefuka zaidi, na nyufa juu ya zege zitakuwa pana zaidi. Roshani itainama kuliko ya jirani.

Akakaa kimya, akakunja ramani, akaikunjua. “Sasa mwanangu, pesa yangu niiweke wapi?”

Kwenye unene, na kwenye urefu. Ukaidi wa slabu dhidi ya kupinda unakwenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kutoka sentimita 12 kwenda 15, unakaribia kuwa maradufu, ingawa uzito wa zege nao unaongezeka kwa robo. Urefu ni mkali zaidi: kwa mzigo uliotandazwa roshani nzima, kuinama kunafuata urefu kwa kipeo cha nne. Akitoka mita 1.5 akaja 1.2, anabakiza kama asilimia 40 tu ya kule kuinama. Kwa sentimita 30 za kukata, ambazo hazinunuliwi dukani popote.

Akacheka. Tatizo, akasema, mama anataka meza na viti vinne pale. Atakwenda kuzungumza naye.

Jumatano, 6 Agosti, usiku

Nimekaa na kitabu cha historia ya mihimili kwa sababu ya huyo mzee. Picha ya Galileo ipo palepale ninapoikumbuka: boriti imetoka kwenye ukuta uliochakaa wenye majani yameota juu yake, na mwishoni limening'inizwa jiwe. Hiyo ni roshani ya Goba, imechorwa katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638, mwandishi akiwa kifungoni nyumbani kwake Arcetri, macho yamekwisha.

Aliona sawasawa kwamba nguvu ya boriti inakwenda na kina chake kilichozidishwa kwa chenyewe. Lakini alidhani boriti yote inavutwa kwa usawa na kugeukia kwenye ukingo wa chini, kwa hiyo boriti ya mstatili kwake ilibeba mara tatu ya inavyobeba kweli. Sababu ninaiona moja: hakuuliza inarefuka kiasi gani. Aliuliza inavunjika lini. Swali la kuvunjika peke yake lilimpotosha mtu mwenye akili ile, sembuse sisi.

Hooke ndiye aliyeuliza la kurefuka. Mwaka 1676 aliificha kanuni yake katika herufi zilizochanganywa, kwa hofu ya kuibiwa (alikuwa ameshagombana na Huygens kuhusu springi za saa), na mwaka 1678 akaifungua: kadiri ya mvuto ndivyo kurefuka. Katika maandishi hayohayo alionyesha kwamba kitu kikipindwa, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Mtu mgumu kupendwa, kwa wanavyomsimulia. Ila alipima.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu. Mpwa wangu wa kidato cha pili amekuja na swali la shuleni: kati ya mpira na chuma, kipi ni nyumbufu zaidi? Ameandika mpira, na amekasirika kwamba si jibu. Nikamwambia katika fizikia hatuulizi nani anavutika sana, tunauliza nani anakinza mvuto na kurudi vilevile alivyokuwa. Hakuridhika, na simlaumu. Swali lenyewe limeulizwa kwa hila.

Tukaachana na daftari. Tulikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukaufunga kwenye ndoano ya dirisha na kuning'iniza chupa ya maji ili ukanda ukae umevutika. Nikaweka alama ukutani, kisha nikaumwagia ukanda maji ya moto kutoka kwenye birika. Chupa ikapanda! Si sana, lakini ilipita alama. Mtoto alidhani nimeigusa, akataka afanye mwenyewe.

Waya wa chuma ungerefuka kwa joto na chupa ingeshuka. Mpira unarudi kwa sababu nyingine kabisa. Ndani yake kuna minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja. Ukivuta unainyoosha, na joto linaitikisa ijikunje tena, kwa hiyo ikipashwa inavuta kwa nguvu zaidi. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu tangu utotoni, aliandika jambo hili mwaka 1805. Alikuwa akiuvuta mpira ghafla na kuugusisha mdomoni, akasikia umepata joto. Tumejaribu pia. Dada amekuta sote wawili tumeweka vipande vya tyubu midomoni, akaondoka bila kuuliza.

Jumanne, 12 Agosti

Zege tu leo. Michemraba ya milimita 150, siku 28. Mmoja umefika kilonyutoni 590, yaani megapaskali 26. Umevunjika vizuri: pembeni kumebanduka, katikati pamebaki piramidi mbili zimegusana ncha. Ukibanwa hivyo ni hodari. Ikivutwa, zege hiyohiyo inaachia kwenye kama sehemu moja ya kumi, bila taarifa. Ndiyo maana tunaifungia chuma ndani, na bahati yetu ni kwamba viwili hivi vinatanuka kwa joto kwa viwango vinavyokaribiana. Vingeachana sana, jua la Dar lingeshatubomolea mji.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimegombana kidogo na msimamizi wa jengo moja, kwa simu. Nondo zinazochungulia juu ya slabu kusubiri nguzo za ghorofa ijayo zilikuwa zinawazuia kupita, mafundi wakazilaza chini, na sasa wanazinyoosha kwa bomba. “Zimenyooka, dada, huwezi kujua.” Hapo ndipo penye hatari, kwamba huwezi kujua.

Kijana wetu wa mafunzo akaniuliza kwa nini chuma kilichopindwa kinakuwa kigumu zaidi kabla ya kukatika. Amewahi kuona kwenye waya wa kufungia. Jibu lilipatikana mwaka 1934, na watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake. Chembe za chuma zimepangwa kwa safu, na kama safu nzima ingelazimika kuteleza kwa mkupuo mmoja, chuma kingekuwa na nguvu mara nyingi zaidi kuliko tunavyopima. Haitelezi hivyo. Mpangilio una kasoro ndani yake, na kasoro ndiyo inayotembea, kama unavyousogeza mkeka mkubwa kwa kutengeneza mkunjo upande mmoja na kuusukuma mpaka upande wa pili. Ukipinda chuma, kasoro zinaongezeka, zinakutana, zinazibiana njia. Ndiyo ule ugumu. Na ugumu huo umenunuliwa kwa kutumia urefukaji uliokuwa akiba. Nondo iliyolazwa na kunyooshwa imeshakula sehemu ya 71 yake kabla nguzo haijajengwa.

Nimemwambia msimamizi alete vipande. Amesema ataona.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepita Goba baada ya kazi, mzee aliniomba. Wamekubaliana na mama mita moja na robo, unene sentimita 15, meza ndogo ya watu wawili. Kwa hesabu ya urefu pekee, kuinama kumeshuka chini ya nusu. Nondo ni za kawaida.

Slabu ilikuwa tayari kumwagwa zege. Nondo kuu za roshani ziko juu, zinavyotakiwa, kwa sababu roshani huvutwa upande wa juu. Fundi analijua hilo, na nilifurahi. Kisha vijana wawili wakapita na toroli juu ya mbao, mmoja akakanyaga pembeni, na nondo zikashuka mpaka karibu na mbao za chini. Hakuna kilichozishikilia. Zikishuka sentimita tano tu katika slabu ya 15, zaidi ya theluthi ya nguvu imepotea, na zege ikishafunika hakuna atakayeona.

Nikauliza viti vya nondo viko wapi. Fundi akasema viti vinamaliza vyuma bure, yeye huwa anazivuta juu kwa ndoano wakati zege inamwagwa. Mzee akanitazama mimi, akamtazama fundi. Nikamwonyesha kwa mguu: nikakanyaga, zikashuka, nikatoa mguu, hazikurudi zote.

Amempigia mtu wa zege kumwambia aje Jumatatu. Vijana wamebaki kukata vipande vya kutengenezea viti. Nimesisitiza pia mirunda ya chini ya roshani isitolewe mapema, zege changa inaendelea kuinama chini ya uzito wake kwa miezi, hata miaka, na ikiachwa mapema ndiyo inazidisha. Fundi amenuna. Anadai alipwe siku ya leo.