Nilitaka Gari Lilale Kama la Staa, Mdogo Wangu Akaponea Chupuchupu

Leo hakuna kiki ya mtu wala nani kaachana na nani. Leo najianika mwenyewe.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, gari lake limelala chini mpaka tairi kama zimemezwa. Kila akipost, mimi na mdogo wangu tunatoa macho. Mimi nina Corolla 110 niliyoachiwa na mjomba, liko juu utadhani limesimama kwenye matofali. Nikasema na langu lazima lilale.

Nikazama Gerezani, nikapata springi fupi nne za mtumba. Fundi wa mtaani akanitajia hela ya kufunga, nikaona ananipiga. Si nimeshaangalia video tatu nzima? Jumapili nikapiga jeki uani, dogo wa miaka 15 ndo saidia fundi wangu.

Mwanzo mteremko tu. Tairi nje, paipu ya breki nikaitoa kwenye kishikizo chake, bolti mbili za chini, nati tatu za juu ndani ya boneti, shokapu ya mbele na springi yake hii hapa mkononi. Nikajiona fundi.

Sasa kwa wasiojua: springi pale haijakaa tu, imebanwa. Kinachoizuia isifyatuke ni nati moja ya katikati, juu ya shokapu. Kabla hujaigusa, unaibana springi kwa vibanio vyake, kimoja kila upande, unakaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka springi ilegee yenyewe. Mimi vibanio sina. Nikaifunga kamba ya manila! Dogo kainama kaishikilia, mimi nazungusha spana.

Ulilia mlio kama bomu. Kile kitako cha juu kilipita pembeni ya sikio la dogo, kikagonga mlango wa bati wa bafuni, bati likabonyea ndani. Dogo anatetemeka, hasemi kitu. Mama akatoka na mwiko mkononi, akaangalia lile bati, akaniangalia mimi.

"Na ungekuwa uso wa mwanangu?"

Mpaka leo sina jibu.

Jumatatu nikamfuata fundi yule yule, kichwa chini. Hakunicheka. Akaleta vibanio vyake, akaniweka pembeni nitazame. Kumbe hata jeki yangu ilikuwa kifo kingine: gari linawekwa juu ya stendi, hulali chini ya jeki tupu. Bolti zenye bushi unazikaza mwisho, gari likiwa limekanyaga chini, maana ukizikaza likiwa linaning'inia bushi zinabaki zimejinyonga na zinachanika mapema. Ukimaliza unaenda kupima alaimenti, la sivyo tairi zinalika upande mmoja. Hela aliyochukua ni ile ile niliyoona ananipiga.

Gari limelala sasa, kali kweli. Matuta napita ubavu kama kaa. Washkaji wananipa tano, ila dogo nikimwita anishikie spana anasema ana homework. Hata likizo.

Lile bati Mama kakataa nisilibadilishe.

Haya wadau, nani mwingine alishataka kumuumiza ndugu yake kisa muonekano? Tiririka hapo chini, usione aibu, mimi nimeshaanza.