Kipimajoto cha kuwinda nyutrino

Leo tuuache msimbo kando kidogo, ingawa mtaona utarudi wenyewe.

Nyutrino ni chembe inayopenya mwili wako na dunia nzima karibu bila kugusa chochote. Ina tungamo, hilo tunalijua. Ni kiasi gani? Hakuna ajuaye. KATRIN ya Ujerumani, yenye tangi la urefu wa mita 23, ilitangaza mwaka 2025 kwamba haizidi elektronivolti 0.45.

Kikundi cha HOLMES kule Italia kilipita njia nyingine, na ndiyo inayonivutia mimi. Wao huipachika holmi-163 ndani ya vipande vidogo vya dhahabu. Kiini cha holmi hunasa elektroni ya atomu yake, nyutrino ikatoroka, na nishati iliyosalia ikawa joto. Basi pima joto hilo! Kipimajoto ni utando wa molibdeni na shaba, uliopozwa hadi takriban sehemu moja ya kumi ya digrii juu ya sifuri halisi (ile ya -273). Hapo utando uko ukingoni mwa kuwa superkondakta, yaani kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Joto kidogo tu, ukinzani unaruka.

Sasa kero. Matukio mawili yakifuatana upesi mno, sensa huyaona kama moja, na jumla yake huweza kuangukia pale pale mwishoni mwa grafu ambapo alama ya nyutrino hutafutwa. Ukiongeza holmi, pacha hao wa uongo huongezeka kwa kasi kuliko matukio ya kweli. Kwa hivyo holmi hugawanywa kwenye sensa nyingi, kila moja na masafa yake kama stesheni ya redio, ili waya chache zitoshe (waya huleta joto). Kuzitenganisha sauti hizo na kuwakamata pacha ni kazi ya programu. Si niliwaambia?

Mwaka 2025, kwa safu ya sensa 64 na matukio kama milioni 70, HOLMES walipata kikomo cha elektronivolti 27. Ukilinganisha na 0.45 utacheka. Lakini tangi kama lile ni vigumu kulikuza zaidi, sensa unaweza kuzidisha. Ila hesabu ni kali jamani: kukishusha kikomo mara 10 kunadai matukio mara 10,000. Mimi bado naziwekea dau sensa, mradi wapatikane wa kuwachuja wale pacha.