Zabuni na Daftari

Katika Kiswahili cha zamani kuzabuni kulikuwa kutaja bei mnadani, na kila aliyetaka kitu alipanda juu ya mwenziwe. Leo neno hilo limegeuka kichwa chini: mzabuni wa serikali hushindana kwa kushuka. Atajaye bei ndogo, akiwa ametimiza masharti, ndiye aghalabu apewaye kazi. Mshindi wa mnadani hurudi nyumbani na kitu. Mshindi wa zabuni hurudi na karatasi, na faida nyembamba kama ukucha.

Tuseme kikundi cha wanawake wa Soweto, katika Jiji la Mbeya, kimepata mkataba wa kupeleka mchele na maharage katika shule ya bweni. Mlango wa kuingilia upo, kwani Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 huwatengea wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma, na maombi hupita katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Taabu huanza baada ya mlango.

Mkataba na uwe wa shilingi 10,000,000. Mchele wa Usangu hununuliwa kwa fedha taslimu, maana mkulima hangoji. Nauli ya gari na ujira wa vibarua vikiisha kutolewa, hubaki 500,000. Serikali ilipapo huzuia asilimia 2 ya bei ya bidhaa kuwa kodi, yaani 200,000. Fedha hiyo haikupotea: hati yake ikitunzwa, huhesabiwa katika kodi ya mapato ya mwaka. Isipotunzwa, au mhazini akiona haya kuidai, shilingi mbili katika kila tano za faida zimekwenda, na wala hapana mwizi aliyeonekana.

Malipo nayo huchelewa. Hii ni lawama ya siku nyingi ya wazabuni kote nchini, na ni lawama ya haki. Mwenye gunia kumi hudaiwa ankara, risiti ya mashine na hati ya mapokezi, sawasawa na kampuni kubwa, lakini kuchelewa kwa mlipaji hakuna amwandikiaye isipokuwa mdai mwenyewe. Kwa hiyo hati ya mapokezi iliyotiwa saini na tarehe huwa na thamani kuliko mchele uliokwisha kuliwa. Bila tarehe, siku za kungoja hazina mwanzo.

Katika kungoja huko vikundi vingi huvunjika, na mara nyingi si kwa wizi bali kwa huruma. Mtoto wa mwanachama huugua usiku; fedha ya mkataba iko katika mkoba; nani atamnyima mama? Hutolewa, haiandikwi, na baada ya miezi mitatu kila mmoja huikumbuka kwa kiasi chake. Mhazini mwema huitoa vilevile. Kisha hufungua daftari taa ingali inawaka, akaandika jina, kiasi na tarehe mbele ya mwenziwe, na wote wawili wakaona haya kidogo.