Kibendera Kamalondo

Beji ya FIFA huvaliwa kifuani upande wa kushoto, na ina mwaka wake. Desemba 31 ikipita imekwisha kazi. Ukitaka nyingine, ukimbie tena majaribio na jina lako lirudi kwenye orodha. Ndiyo maana mshika kibendera mwenye beji mpya hatulii mpaka apangiwe mechi ya nje. Yangu ilikuja kwa barua pepe kutoka CAF: Lubumbashi, mashindano ya klabu, waamuzi wote wanne Watanzania, kuanzia refa wa kati hadi mwamuzi wa mezani.

Kwenye ramani Kongo ni jirani wa kuvuka ziwa tu. Sisi tulipanda kwanza kaskazini hadi Addis Ababa, ndipo tukageuza kuteremka kusini. Kabla ya kuondoka Dar, refa wetu, mtu wa safari nyingi, alinifungulia begi bila kuomba ruhusa. "Viatu, kibendera na jezi zote upande nazo mkononi, mdogo wangu. Begi la chini likipotelea njiani utaingia uwanjani na nini?"

Anayetaka kujua Lubumbashi ikoje asiniulize mimi. Niliona bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi cha taka za shaba, tena kupitia kioo cha gari. Refa mgeni hatembei mjini. Hapokei zawadi, haketi na mtu wa klabu yoyote, na hata chai ya kukaribishwa na mtu asiyemjua anaikataa kwa adabu. Nikajionea hotelini ugumu wa jambo hili pale ambapo wenyeji wanazungumza Kiswahili. Kwingine mwamuzi hujifanya haelewi, yakaisha. Hapa kila mhudumu alitusalimu kama ndugu, akauliza habari za nyumbani, na sisi tukajibu kwa mkato kama watu wenye kiburi. Iliniuma kidogo.

Kikao cha kabla ya mechi kilikuwa cha rangi zaidi ya kitu kingine. Kamishna aliwataka viongozi waweke mezani jezi, bukta na soksi, za makipa pia, kisha zetu, zikalinganishwa moja moja. Nilidhani ni urasimu, lakini mstarini macho huamua kwa rangi kabla hayajautambua uso.

Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, na nyasi zake ni za bandia. Joto hupenya soli za viatu, na mpira ukidunda unateleza, haukusubiri. Nyuma yangu tarumbeta na ngoma hazikunyamaza. Kipindi cha pili mshambuliaji wa wenyeji alichomoka. Nilikuwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa. Pasi ilipoondoka mguuni, goti la mshambuliaji lilikuwa limeshampita. Nikangoja auguse mpira kwanza, ndivyo tunavyofundishwa. Alipougusa nikanyanyua kibendera na kubonyeza kitufe cha kwenye mpini, kifaa kikatetema mkononi mwa refa, akapuliza. Wavu ulikuwa umeshatikisika.

"Tanzania! Juu ya nini unapandisha drapeau?" Kila tusi lilinifikia likiwa zima, na mengine, nakiri, yalikuwa na ufundi wa kuchekesha. Sikugeuka. Mshika kibendera akigeuka mara moja, jukwaa litamchezea hadi filimbi ya mwisho.

Mtathmini wa waamuzi alitueleza yake chumbani mlango ukiwa umefungwa, na ya humo hubaki humo.

Kesho yake alfajiri dereva alitupeleka uwanja wa ndege wa Luano. Alivumilia mpaka katikati ya njia, kisha akanitazama kwenye kioo. "Kaka, lile goli, kweli alikuwa ameotea?"

Nilifungua mdomo. Refa akaniwahi: "Hivi, mzee, mvua huku huanza mwezi gani?"