Kuvisha avata nguo za Lamu: kamera au kalamu?

Tangu niseme kwamba ninatengeneza nguo za Lamu za kuvaliwa na avata, swali linalonijia ni lile lile: je, unazipiga picha au unazichora? Jibu fupi ni kwamba inategemea nguo. Jibu refu ndilo hili, kwa hiyo mwenye kahawa na atie kahawa.

Kwanza, kwa wageni wa mambo haya. Avata ni yule mtu wa kompyuta anayekuwakilisha ndani ya dunia ya mtandaoni, mfano Second Life, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2003 na ambayo hadi leo ingali na watu wake. Avata ana umbo tu, na juu ya umbo hilo hubandikwa picha bapa, kama mwanafunzi anavyofunika daftari kwa karatasi ya gazeti. Picha hiyo ndiyo teksicha. Ukitaka kanzu, unatengeneza picha ya kanzu iliyokatwa vipande na kutandazwa, kama fundi anavyotandaza kitambaa kabla ya kukiunga. Fundi cherehani yeyote wa hapa Mkomani angeielewa kazi hii upesi kuliko mhandisi wa kompyuta.

Sasa ugomvi wenyewe. Watu wa kamera husema: nguo ipo, ipige picha, kwa nini ujitese? Watu wa kalamu husema picha ni uvivu na huonekana vibaya. Kila upande una haki yake, na nitaanza na kasoro ya kamera, maana ndiyo inayowanasa wengi.

Picha huja na mwanga wake. Ukipiga leso iliyoanikwa kwenye kichochoro cha Mkomani saa sita mchana, jua linashuka kwa juu kati ya kuta mbili ndefu, na kila kunyanzi la leso linapata kivuli upande wa chini. Kivuli hicho kinaganda ndani ya picha. Kisha unamvisha avata, avata anasimama ufukweni jua likizama magharibi, na leso yake bado inadai ni adhuhuri! Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini jicho lake litakataa.

Dawa ninayotumia ni kiwanda. Wasiozijua nyumba za mawe za Lamu wasidhani nasema karakana. Kiwanda ni ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Asubuhi, kabla jua halijafika sakafuni, kuta za chokaa hutawanya mwanga ukawa sawa kila pembe, studio ya bure. Leso inapigwa pasi, inabanwa ukutani bila kunyanzi, kamera inawekwa kwenye miguu yake mitatu ikiangalia ukuta sawasawa. Halafu, bila kusogeza kitu, natoa leso na kubana shuka jeupe mahali pale pale, napiga tena. Ndani ya GIMP (ni ya bure, msiende kununua programu za wizi) naweka picha ya shuka juu ya picha ya leso na kuamuru moja igawanywe kwa nyingine. Kama pembe moja ilikuwa na giza kidogo, hesabu inalifuta. Ndugu mmoja alinishauri nitumie skana badala ya kamera. Skana ya kawaida ina ukubwa wa karatasi ya A4. Leso ina upana wa sentimita 110 hivi na urefu wa 150. Piga hesabu: ni vipande kama 36, na vyote uviunge. Ahsante sana ndugu.

Kwa leso, basi, mimi ni mtu wa kamera, na sababu ni kwamba leso yenyewe ni picha. Imepigwa chapa juu ya pamba bapa: pindo pembeni, mji katikati, na jina lake chini. Uzuri wake uko kwenye makosa ya chapa. Nyekundu imevuka mstari mweusi kidogo, ua moja la pindo limefifia. Nimejaribu kuchora leso kwa mkono kwenye kompyuta, ikatoka safi mno kama kitambaa cha meza cha plastiki.

Kofia ndiyo iliyonifundisha upande wa pili. Kofia ya vito ya Lamu haipigwi chapa. Mchoro huwekwa kwanza juu ya kitambaa, kisha mshonaji anatoboa matundu madogo na kuyazungushia uzi, tundu kwa tundu, kazi ya miezi. Kinachofanya nakshi ionekane ni tundu na ukingo wake, yaani bonde na kilima. Hakuna rangi nyingine, ni nyeupe juu ya nyeupe.

Hebu tufanye hesabu. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 57 hivi. Teksicha ya kawaida ina pikseli 1024 kwa upana. Ukiizungusha yote kwenye kofia unapata pikseli 18 kwa sentimita, na tundu la milimita moja linapata pikseli mbili, pungufu kidogo. Kamera ilinipa picha nzuri yenye mamilioni ya pikseli, lakini nilipoipunguza ifike 1024, kila tundu liliyeyuka likawa vumbi la kijivu. Na hiyo ni neema ya siku hizi. Zamani nguo za Second Life zilipakwa kwenye picha ya 512 kwa 512 ambayo ilibeba mwili wote wa juu, mbele, nyuma na mikono. Kifua kilipata pikseli mia mbili na kitu tu. Nguo za meshi zilikuja mwaka 2011, na mwaka 2019 picha hiyo ya mwili ikapandishwa hadi 1024.

Nilimwonyesha jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ameshona kofia tangu utotoni. Akavaa miwani, akasogeza uso karibu na skrini.

"Mwanangu, hii ina ugonjwa wa ngozi?"

"Ni kofia yako, mama. Ile uliyoniazima."

"Yangu ina matundu. Hii ina madoa."

Basi nikaanza upya kwa kalamu. Kwa kila tundu naweka pikseli moja nyeusi kiasi, na kando yake, upande wa juu, pikseli moja nyeupe kabisa ambayo ndiyo uzi. Mbili tu. Ukitazama kwa karibu ni upuuzi. Ukirudi nyuma hatua moja, jicho linaona tundu lililoshonwa. Chini yake naongeza picha ya pili isiyoonekana, inayoiambia kompyuta kila pikseli inaelekea wapi, ili mwanga wa dunia ile uteleze juu ya kilima na kuingia bondeni. Second Life imekubali picha za aina hiyo tangu 2013. Kofia moja ilinichukua wiki tatu za usiku. Mama yule aliposikia alicheka sana, maana kwake wiki tatu si kitu.

Kikoi nisikichelewe: si kamera wala kalamu. Kikoi ni nyuzi kwa hesabu, hivyo niliandika programu ndogo ya Python inayopewa orodha ya rangi na idadi ya nyuzi, nayo inafuma. Ukitaka rangi nyingine unabadili namba.

Lakini kuna jambo ambalo mafundi wa teksicha hawapendi kulizungumza. Nakshi ile ni ya nani? Ukipiga picha, unachukua mishono ya mtu mwenyewe, na ukiipakia kwa ada ya Linden dola 10, dunia nzima yaweza kuibeba. Novemba 2006 ilitokea CopyBot, programu iliyonakili vitu vya watu ndani ya Second Life bila idhini, wenye maduka wakafunga kwa hasira. Na si avata peke yake. Mwaka huo huo kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara! Wakenya walipinga na ombi likaanguka. Kenya tunayo sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni tangu 2016, lakini sijui ni askari gani atakayeingia Second Life kukamata kofia. Leso nayo ina mwenyewe, yule aliyebuni na kupiga chapa, kwa hiyo zile nilizozipiga picha nazivaa mwenyewe tu, sokoni sizipeleki.

Kwa kofia nilikwenda kuuliza. Mama alifikiri kidogo, kisha akanitajia mchoro mmoja ambao, alisema, kila mtaa unaushona na hakuna awezaye kuudai. Huo nichore. Ile aliyoniazima mwanzo ni mchoro wa marehemu mamake.

"Hiyo irudishe, na picha yake uifute. Ukitaka kuijua, kaa hapa uishone."

Nimeifuta mbele yake. Ile ya mtaa ndiyo niliyoichora, na ndiyo iliyo sokoni, kwa bei ya chini kabisa inayokubalika. Kinachopatikana tumekubaliana tugawane nusu kwa nusu. Mpaka leo zimeuzwa kumi na moja. Kushona nimeanza, Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Nimefika tundu la arobaini hivi, na vidole vimejaa plasta. Atakayetaka programu ya kikoi aniandikie nimtumie. Iko wazi na ni mistari kama hamsini tu.