Uzuri wa Gari na Maji ya Mto Namatala



Katika mji wetu wa Mbale, gari jipya kwa kawaida si jipya. Huwa limeundwa Japani, likaendeshwa huko miaka kadhaa, likavuka bahari hadi Mombasa, kisha likapita mpakani Malaba au Busia kabla ya kufika kwetu. Ndivyo lilivyokuja gari letu, Toyota Spacio ya rangi ya buluu. Lilipoingia uani, majirani walilizunguka kana kwamba wanamtazama bibi harusi. Nami niliyezoea kupanda bodaboda huku nimekumbatia madaftari ya kusahihisha, niliapa moyoni kwamba rangi ile haitafifia mikononi mwangu.

Jumamosi iliyofuata nililipeleka kwenye uwanja wa kuoshea magari ulioko ukingoni mwa Mto Namatala, katika Divisheni ya Industrial. Kijana aliyenipokea niliwahi kumfundisha katika kidato cha pili, kabla ya karo kuishinda familia yake. Aliliosha gari, akalikausha, nami nikadhani kazi imekwisha. Yeye akatabasamu, akanipa mfuko mwembamba wa plastiki, huu tunaouita kavera.

"Mwalimu, vaa hii mkononi, kisha pitisha vidole juu ya boneti polepole," akaniambia.

Nikafanya hivyo. Boneti iliyokuwa iking'aa machoni ilikwaruza vidole kama msasa. Kavera huondoa msuguano wa ngozi, hivyo vidole huhisi kila chembe ndogo. Kijana akanieleza kwamba zile ni chembe za chuma zitokazo kwenye breki na reli, matone ya lami, na utomvu wa miti, vitu vilivyojishikiza kwenye rangi kiasi kwamba maji na sabuni haviwezi kuving'oa. Nilikumbuka methali ninayoiandika ubaoni kila mwaka: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dawa yake ni udongo maalumu unaonata, ambao matumizi yake yalianzia Japani, huko huko gari lilikotoka. Kijana alikata kipande kidogo, akakikanda mpaka kikalainika, akakibapa kama chapati ndogo. Alinyunyizia boneti maji yenye shampuu kidogo ili udongo uteleze, akausukuma kwa mistari iliyonyooka bila kuukandamiza. Mwanzoni ulikwama na kutoa sauti ya kukwaruza. Baada ya kupita mara chache ukateleza kimya. Aliponionyesha upande wa chini, ulikuwa na madoa ya kahawia na meusi. Akaukunja, akaukanda upya ili upate uso safi, akaendelea.

Nilipomsaidia, kipande changu kiliponyoka kikaanguka chini. Nikainama kukiokota.

"Kitupe, Mwalimu. Kimeshaokota mchanga. Ukikirudisha kwenye rangi utaichora."

Mwalimu akawa mwanafunzi. Rangi yote ya gari, pamoja na tabaka lake la juu lisilo na rangi, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Punje moja ya mchanga yatosha kuiharibu. Udongo nao hauondoi mikwaruzo. Huondoa tu kilichojishikiza juu, na huiacha rangi wazi bila kinga. Ndiyo maana hufuatwa na nta. Tulilisogeza gari kivulini mpaka bati likapoa, tukapaka nta kwa tabaka jembamba, tukasubiri ikauke na kuwa kama ukungu, kisha tukaifuta kwa kitambaa laini. Nta hulinda rangi dhidi ya jua, vumbi na kinyesi cha ndege, lakini huisha, nayo hurudiwa kila baada ya miezi michache.

Kazi ilipokwisha, niliona taswira ya mlima Wanale katika mlango wa gari langu. Nilifurahi mno. Kisha nikatazama chini.

Maji ya sabuni, mafuta na lami yalikuwa yakitiririka katika mfereji mdogo kuelekea mtoni. Hatua chache kutoka pale, mama mmoja alikuwa akiteka maji kwa dumu la njano. Mto huo huendelea hadi kwenye kinamasi cha Namatala, ambako watu hulima mpunga. Ni mto huo huo ambao, pamoja na Nabuyonga, ulifurika usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 20. Siku zile sote tulilaumu mvua, tukawalaumu waliojenga na kulima kingoni. Sikuwahi kujihesabu miongoni mwa wanaoutumia mto vibaya.

Nanyi mnajua ninachofundisha. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 17 inamfanya kila raia awe na wajibu wa kuyalinda. Kanuni za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa hifadhi kandokando ya mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, mita 30 kwa mingine. Gari langu lilikuwa limeegeshwa mita tano kutoka majini.

Nilimuuliza kijana kwa nini hawahami. Hakukasirika.

"Maji ya bomba yana bili, Mwalimu, na ya mto hayana. Tukihama bei itapanda, nawe hutakuja."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeuchagua uwanja ule kwa sababu ya bei yake. Faida ya unafuu ule niliichukua mimi, na gharama akaibeba mama mwenye dumu. Kumfukuza kijana yule kungemnyima chakula mtu ambaye shule ilikuwa imeshamnyima nafasi, na mto ungebaki na waoshaji wengine.

Sasa kijana huja nyumbani kwetu, mbali na mto. Tunatumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, na ninamlipa zaidi ya bei ya mtoni. Hilo limesafisha dhamiri yangu kuliko lilivyousafisha mto. Kwa hiyo yeye na wenzake wameandika barua kwa diwani wao, nami nikasahihisha sarufi tu, wakiomba kiwanja mbali na kingo, chenye shimo la kunasia mafuta. Hatujapata jibu. Mwezi ujao wataandika ya pili.

Zoezi la juma hili ni fupi. Kuna tofauti kati ya vitenzi kung'arisha na kutakasa. Tungeni sentensi mbili kwa kila kimoja, kisha mwandike aya moja kuhusu kitu kimoja nyumbani kwenu kinachong'aa, mkieleza maji yake machafu huenda wapi.