Tulipobaki Watano

Kuna jiometri isiyotaka rula wala bikari. Haijali urefu wala upana. Inauliza swali moja tu: nani anaweza kuwa pamoja na nani? Ukitaka kuiona, tafuta nyumba yenye watoto sita. Yetu iko Chepsaita, upande wa Turbo, nje ya mji wa Eldoret.

Kazi za jioni kwetu ni tatu: kukama, kuchota maji na kupika. Mama hutaka kila kazi ifanywe na wawili, maana mmoja akiachwa peke yake atakaa na simu. Tujipe namba kwa kuzaliwa, 1 hadi 6. Jozi zinazowezekana ni 15. Njia za kuwagawa wote sita katika jozi tatu pia ni 15. Sasa kila jozi iite nukta, na kila mgawanyo uite mstari. Kila mstari una nukta 3, na kila nukta iko kwenye mistari 3.

Utamu uko hapa. Chukua mgawanyo mmoja: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6. Kisha chukua jozi isiyokuwemo, tuseme 1 na 3. Hiyo imewavuruga wa jozi mbili za kwanza, lakini 5 na 6 haijawagusa. Kwa hivyo jozi hiyo inaweza kufanya kazi jioni moja na hao wawili, na hao tu. Jaribu jozi nyingine yoyote, jibu ni lile lile: ukiwa nje ya mstari, kuna nukta moja tu ndani yake inayokupokea. Ndiyo maana mchoro mzima hauna pembetatu hata moja. Jiometri za ukoo huu huitwa pembenne za jumla, na aliyezianzisha mwaka 1959 ni Jacques Tits, mzaliwa wa Ubelgiji. Huu wa nukta 15, ukichorwa vizuri kwenye duara, unafanana sana na kile kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu ya kochi, na kweli wanahisabati wameupa jina la kitambaa hicho. Mama anavifuma. Kwetu hata redio imevalishwa.

Niliukuta mchoro huo kwenye kitabu cha maktaba nikiwa mwaka wa pili chuoni. Karo ikaisha, nikarudi nyumbani, na sasa naandika makala za watu wengine kwa malipo ya M-Pesa. Hesabu haikuniuliza cheti. Nikarudi nayo.

Mwaka huo huo dada yetu, namba 1, akaenda Doha kufanya kazi za nyumbani ili wadogo wasirudishwe kama mimi. Majirani wakatufariji: ameenda mmoja tu, mko wengi.

Hesabu inakataa. Ukimwondoa yeye, zinaondoka nukta 5, zile jozi zake. Ungetarajia mistari mingine isalimike. Lakini katika kila mgawanyo alikuwa na mtu. Kwa hivyo mistari yote 15 inapoteza nukta moja moja, hakuna hata mmoja uliobaki mzima. Kila jioni kuna kazi yenye mtu mmoja.

Zinabaki nukta 10 na vipande 15 vya kuziunganisha. Mchoro huo nao una jina: ni wa Petersen, Mdenmark aliyeuandikia mwaka 1898. Nao una wema wake. Jozi 2 na 3 haiwezi kwenda jioni moja na jozi 3 na 4, kwa kuwa namba 3 hagawanyiki. Lakini 5 na 6 wanapatana na zote mbili. Jozi zozote mbili zisizopatana zina jozi moja ya katikati inayopatana na zote. Tumepungua, ila hatujakatika.

Nilimweleza dada haya yote kwa simu, akasikiliza hadi mwisho.

"Na huyo anayebaki peke yake ni nani?"

"Ni kwa zamu, dada. Kati ya migawanyo 15, kila mmoja wetu hubaki peke yake mara 3."

Akanyamaza. Nikasikia maji yakimwagika huko kwao.

"Sawa. Uwe unaniambia leo ni zamu ya nani. Huyo ndiye nitampigia."